Neno Alilotumwa Kaka Yangu Barazani

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu ni ile kaka yangu Buberwa alipopanda ngazi ya meli pale Bukoba, amevaa suti ya kijivu na viatu vipya vinavyombana, kwenda Dar es Salaam kukaa katika Baraza la Kutunga Sheria. Sisi wa Kamachumu tulikuwa tumekuja kwa lori lake mwenyewe, tumebanana nyuma kama mikungu ya ndizi, tunaimba tangu njiani. Hata yule Mhindi aliyemwuzia lori alifunga duka akaja kumpa mkono. Wakati ule nchi ilikuwa ya Mwingereza. Mtu mweusi ambaye si wa ukoo wa kitawala kuitwa na Gavana akae pamoja na Wazungu kutunga sheria, lilikuwa jambo la kumwinua mgonjwa kitandani. Nililia kwa furaha. Nikiikumbuka siku ile leo, machozi bado huja, ila si yale ya siku ile.

Nakusimulia wewe kwa sababu nimesikia watu wamekufuata wanataka ugombee udiwani, nawe umekuja kwa bibi yako kutaka baraka. Baraka utaipata. Lakini vuta kigoda ukae kwanza. Buberwa alikuwa babu yako, mzaa baba yako, nawe ulimkuta akiwa mzee mkimya anayekaa uani na kusahau chai yake mpaka inapoa. Ulidhani ndivyo alivyozaliwa. Sivyo. Kaka yangu alikuwa na maneno, na kicheko chake kilisikika mpaka ng'ambo ya soko.

Baba yetu alikufa tukiwa bado wadogo. Aliyetushika mkono alikuwa jirani yetu, Mzee Katabaro. Hatukuwa na damu moja naye, lakini tulimwita tata, yaani baba kwa Kihaya chetu, na mlango wake hatukuubisha. Yeye ndiye aliyemfundisha Buberwa kupogoa mibuni, kuijua kahawa iliyoiva na ile iliyochumwa kwa pupa, na kumsalimu mtu huku unamtazama usoni. Mama alipolala kwa ugonjwa msimu mzima, mke wa Katabaro alipika vyungu viwili, kimoja kwake na kimoja kwetu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, walisema wahenga. Basi sisi tulipewa zaidi ya rafiki.

Buberwa alianza na samaki. Alishuka ng'ambo ya mteremko mpaka mwaloni, akangoja mitumbwi ya wavuvi wa kisiwa cha Goziba, akanunua furu waliokaushwa, akawapandisha kichwani mpaka soko la Kamachumu. Harufu ya furu ilimganda, wasichana wakamcheka, naye akacheka nao. Hakuweka kidole kwenye mizani. Baada ya samaki likaja duka, na mimi nikawa nyuma ya meza ya duka hilo. Baada ya duka likaja lori la kubebea kahawa. Na lori lile, mwanangu, lilibeba kahawa siku ambazo hakuna mgonjwa. Mwanamke akishikwa na uchungu, akiumwa mtoto wa mtu, Buberwa aliteremsha magunia akampeleka Bukoba hospitali bila kuuliza ni mtoto wa nani. Ndiyo maana Bwana DC alipotafuta jina la kumpelekea Gavana, kila aliyeulizwa alitaja jina moja.

Hapa nikueleze kitu ambacho ninyi mmekuta kimekwisha. Kibanja cha Mhaya unakijua: migomba, kahawa, nyumba na makaburi ya wazee, vyote mahali pamoja. Lakini zama zile vibanja vingi havikuwa mali ya waliovilima. Mkama, mtawala wetu wa jadi, aliweza kumpa mkubwa mmoja eneo zima pamoja na watu waliomo, nalo likaitwa nyarubanja. Kuanzia siku hiyo watu wale walikuwa wageni juu ya makaburi ya babu zao. Kila mavuno walimpelekea bwana wao sehemu ya kahawa, wakamkamulia lubisi, ile pombe yetu ya ndizi, wakamlimia, na akiwachoka aliweza kuwaondoa. Katabaro alikuwa mmoja wa watu hao. Bwana wake alikuwa mzee mmoja wa ukoo mkubwa aliyeishi mbali, ambaye labda hata sura ya Katabaro hakuijua.

Sherehe ya kumuaga Buberwa ilifanyika uani kwetu. Watu walimtuma mambo mengi, huyu barabara, yule zahanati, mwingine bei ya kahawa. Katabaro alingoja mpaka wote wakanyamaza. Akaleta buni za kutafuna zilizokaushwa na majani, kama tunavyomkaribisha mgeni wa heshima, akampa Buberwa moja, nyingine akaitia kinywani mwake.

"Mwanangu," akamwambia, "mimi nakutuma neno moja. Waambie wenye nchi kwamba mtu aliyelima kibanja na kuzika wazazi wake humo asifukuzwe humo. Ukilisema hilo, barabara utatuletea siku nyingine."

"Tata, nitalisema kabla kiti hakijapata joto," akajibu Buberwa, na sote tukasikia.

Aliporudi safari ya kwanza, nyumba ilijaa. Akatueleza habari za gari moshi kutoka Mwanza, feni zinazozunguka darini, na Wazungu wanaobishana kwa upole kama watu wanaobembeleza mtoto. Walipoondoka nikamwuliza kuhusu lile neno. Akaniambia, "Koku, mgeni haingii ngomani siku ya kwanza. Bado natazama wanavyocheza." Nikaona ana busara. Safari ya pili akasema wakubwa wamemdokeza kwamba mambo ya nyarubanja ni ya mila, yana moto wake, tuyangoje yapoe. Katabaro alipoelezwa alitikisa kichwa kwa kukubali. "Kaka yako ana akili," akaniambia. "Anajua wakati."

Kumbe wakati nao ulikuwa unamjua yeye. Kaka yangu alikuwa sasa mtu mwenye sauti mbele ya Gavana, na mtu mwenye sauti hutafutwa. Yule mzee wa ukoo mkubwa akafa bila mrithi wa karibu, na Mkama akamwita Buberwa mbele ya wazee wake akampa ile nyarubanja. Siku ile alirudi nyumbani akiwa na furaha ya mtoto. Sisi tuliokua bila baba, tuliowabebea watu samaki, tumekuwa mabwana wa ardhi.

Nikamwuliza, "Kaka, na kibanja cha tata kimo?"

"Kimo," akasema. "Si afadhali kiwe kwangu kuliko kwa mtu asiyemjua? Mimi sitamfukuza."

Lilikuwa jibu zuri, mwanangu. Majibu ya namna hiyo ndiyo ya kuogopa.

Yalipofika mavuno Katabaro alikuja na kibuyu cha lubisi. Mlango wetu alikuwa ameuingia miaka yote bila hodi, kama tulivyouingia wake. Siku hiyo alisimama uani, akainama, akamwita Buberwa "waitu", neno tunalomwitia mkubwa. Buberwa akacheka kicheko kifupi ambacho sikukijua. "Tata, usiniite hivyo," akasema. Lakini kibuyu alikipokea.

Sasa sikiliza jinsi habari ya barazani ilivyotufikia. Bukoba palikuwa na fundi cherehani, Mzee Abdala, mtu wa asili ya pwani ambaye babu zake walikuja kwa biashara wakaoa kwetu. Alikuwa amekwenda Dar es Salaam kumzika ndugu yake, na kabla ya kurudi akaona asipitwe na fahari ya kumtazama mtu wa kwao barazani. Akakaa kwenye viti vya watazamaji. Aliporudi alipita dukani kwetu kuuza nguo, na huku anakunja kitambaa akanieleza.

Mjumbe mmoja kutoka jimbo jingine, mtu ambaye kwao hata nyarubanja hakuna, alisimama akauliza serikali ina mpango gani na wakulima wa Bukoba wanaoweza kufukuzwa katika mashamba waliyozaliwa. Mkubwa wa serikali akajibu kwamba hiyo ni desturi ya wenyeji, na wenyeji wameridhika nayo. Kisha akageuka akasema mheshimiwa wa kutoka Bukoba yupo, kama ana neno na aseme. Mzee Abdala alijisogeza ukingoni mwa kiti asikose hata silabi moja. Buberwa akasimama, akavuta koti lake vizuri.

"Ni desturi ya zamani," akasema. "Watu wetu wameizoea."

Akakaa. Wazungu wakagonga meza kwa viganja kumpongeza.

"Dada," Mzee Abdala akaniambia, "mimi nilidhani hajalisikia swali. Nikawa namngoja asimame tena."

Hakuisema kwa ubaya. Lakini dukani walikuwamo watu, na siku ya soko habari haihitaji miguu. Kabla jua halijafika utosini Katabaro alikuwa mbele ya meza yangu.

"Ni kweli?" akaniuliza.

"Ndivyo wanavyosema, tata."

Akanunua chumvi aliyokuja kununua, akanitakia mchana mwema, akaenda. Mavuno yaliyofuata hakuleta kahawa wala kibuyu. Wengine walileta, yeye hakuleta, na msimamizi wa Buberwa alipomfuata alijibu kwamba hana ugomvi na mtu yeyote, ila mkono wake umekataa. Msimamizi akalipeleka shauri kwenye baraza la mtawala.

Kaka yangu alikuwa safarini. Neno lake moja tu lingelizima. Nikafunga duka, nikashuka Bukoba, nikalala kwa rafiki yangu aliyekaa Kahororo mpaka meli ilipofika. Nilimpokea gatini, na kabla mizigo haijashushwa nikamweleza yote.

Alinivuta kando. "Koku, nikimwachia Katabaro, kesho wataacha wote. Na Mkama nitamwambia nini? Kwamba zawadi yake nimeitupa?"

"Ulisema hutamfukuza."

"Simfukuzi mimi. Baraza ndilo litakaloamua."

Nilimtazama nikamtafuta yule aliyepandisha samaki mlimani. Alikuwepo, mwanangu, nilimwona machoni, ana haya. Lakini mwenye suti ndiye aliyeshika usemi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi ndio tulioimba juu ya lori.

Baraza likaamua kama mabaraza yalivyokuwa yakiamua: Katabaro aondoke. Mke wa Katabaro alikuwa amekwisha fariki, amezikwa mle kibanjani. Mwanawe alikuwa mvuvi Goziba, akaja na mtumbwi kumchukua. Nilimsaidia tata kubeba mkeka na vyungu mpaka mwaloni. Kabla ya kuondoka alipita makaburini, akasimama kwenye la mkewe, akang'oa majani machache yaliyoota juu yake. Kisha akaniambia twende, ziwa huchafuka mchana. Buberwa hakutoka nje siku hiyo.

Hakuna aliyemtukana kaka yangu. Nataka ulielewe hilo, kwa sababu ninyi vijana mnadhani kiongozi huanguka kwa kelele. Watu walimsalimu vizuri kuliko zamani, wakainama zaidi, wakamwita waitu. Akikaribia walipokaa wanazungumza, mazungumzo yaligeuka yakawa ya mvua. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na yeye mshindo ule aliusikia peke yake, kila siku.

Kilichomvunja ni machela. Asubuhi moja wanaume wanne walipita mbele ya duka wamembeba mwanamke mwenye uchungu, wanaelekea hospitali kwa miguu, na lori la Buberwa limesimama pale pale, tangi limejaa. Buberwa akatoka mbio, akafungua mlango wa lori.

"Mpandisheni," akasema.

Mume wa yule mwanamke akainamisha kichwa kwa heshima. "Asante, waitu. Tumekaribia."

Mwanangu, kutoka pale kwenda Bukoba hospitali si karibu hata kwa ndege. Wakaendelea na safari. Tunamshukuru Mungu, mwanamke yule alijifungua salama. Lakini kaka yangu alibaki ameushika ule mlango wa lori mpaka machela ilipopotea migombani. Alipoingia ndani alikaa kwenye gunia la chumvi, akaniambia, "Koku, tutafute mtumbwi. Nataka kwenda Goziba."

Tulikwenda. Alivua ile suti akavaa kanzu ya kawaida. Goziba ni mawe, nyavu na upepo. Tulimkuta Katabaro mbele ya kibanda cha mwanawe anageuza samaki juani. Alitupokea kama watoto waliotoka shule, akatutengea sato na viazi, akakataa kusikia lolote mpaka tumekula. Nilitamani atufokee.

Buberwa akapiga magoti. Akamwambia yote bila kujitetea: alivyosimama barazani, alivyopongezwa, alivyomwachia msimamizi shauri. Akasema kibanja kiko palepale, hakuna aliyewekwa humo, na amekuja kumrudisha leo hii, na hatamdai kitu yeye wala wanawe.

Katabaro aliendelea kugeuza samaki. Alipomaliza safu moja akafuta mikono.

"Buberwa," akasema, "mimi sikukutuma uniletee kibanja. Nilikutuma useme. Ukinirudishia kibanja nitakula mimi, na yule jirani yangu je? Na watoto wa yule mwingine? Leo utanipa kwa sababu moyo unakuuma. Kesho ukipona?"

"Baraza la Dar es Salaam linakutana tena, tata. Nitasema."

"Basi ukisema nitasikia, hata huku. Siku hiyo nitakuja mwenyewe, sitangoja kuletwa." Akamwinua kwa mkono. "Simama. Sina kisasi na wewe. Nilikulea."

Tuliondoka kabla upepo haujageuka. Ndani ya mtumbwi kaka yangu alianza kupanga maneno yake, mara Kihaya, mara Kiswahili, mara Kiingereza, anayarudia kama mwanafunzi. Nilisikia furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu siku ya meli.

Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kabla baraza halijakutana, mpangilio wake ulibadilishwa, uchaguzi ukaitishwa. Wale waliokaa kwa kuteuliwa walitakiwa sasa kupigiwa kura au waondoke. Bwana DC alimshukuru Buberwa kwa utumishi wake mwema, akampa chai. Alijaribu kugombea. Alizunguka Kamachumu, akashuka Muleba, akaenda mpaka vijiji vya ziwani, na kila mahali alisema lile neno, lile lile alilotumwa, kwa sauti kubwa. Watu walimsikiliza kwa adabu. Wakampigia kura mtu mwingine. Neno lilikuwa la kweli, lakini sasa lilikuwa limetoka kinywani mwa mtu anayeomba kitu.

Alifanya alichoweza. Aliwakusanya watu wa nyarubanja yake akawaambia wasimletee tena kahawa wala lubisi, na kila mmoja alale akijua kibanja ni chake. Mkama alikasirika, Buberwa akavumilia. Ilikuwa haki kwa nyumba chache. Nyumba nyingine zote katika nchi yetu ziliendelea kuinama mpaka wengine walipokuja, baada ya bendera ya Mwingereza kushushwa, wakasema walichokuwa na ujasiri wa kusema, na mambo yale yakafutwa.

Katabaro hakuiona siku hiyo. Alifia Goziba wakati ziwa limechafuka, na habari ilitufikia amekwisha kuzikwa kule mawemawe, mbali na mkewe. Buberwa alikaa siku nyingi hasemi. Kuanzia hapo ndipo alipokuwa yule mzee uliyemjua. Watu walimsamehe, hilo nalo ulijue. Walirudi kupanda lori lake, walimwalika arusini, walimzika vizuri. Yeye ndiye ambaye hakupata pa kulipeleka lile neno. Hata siku zake za mwisho alikuwa akiniuliza, "Koku, ningesema siku ile ya kwanza, wangenifanya nini?" Nadhani wasingemfanya kitu. Wakati ule hakuwa na ardhi ya kupokonywa.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Watu wakikutuma neno, liseme mapema, ukiwa bado na viatu vinavyokubana, kabla hujapewa kitu unachoogopa kukipoteza. Usijifariji kwamba unangoja wakati, kwa sababu wakati ukikuona umesimama hukuletea kiti, na ukishakaa utaona kusimama ni kazi. Ukiletewa zawadi, uliza kwanza ni nani anayelala ndani yake. Mtu aliyezoea kuingia kwako bila hodi akisimama uani, toka ukamfuate siku hiyohiyo, usipokee kibuyu. Na ukikosea, kwa maana utakosea, usimpelekee mmoja faraja ya pembeni ukadhani umewalipa wote. Kosa ulilolifanya mbele ya watu lirekebishe mbele ya watu, wakati kiti bado unacho. Majuto ni mjukuu, nami nimeishi na mjukuu huyo nyumba moja. Hana usingizi.

Sogea sasa nikuwekee mkono kichwani. Mungu akupe kinywa kisichongoja ruhusa penye haki. Akupe marafiki wanaokukatiza unapoanza kujisifu, na mke atakayekuuliza umesema nini, si umeleta nini. Migomba yako izae, wazee wako walale kwa amani chini yake, na mwenye mgonjwa akiona gari lako njiani alisimamishe bila kufikiri mara mbili. Nenda, mwanangu. Bibi yako amekubariki.